Adrian Atiman, Tabibu wa Karema: Mtoto Aliyeuzwa Akaja Kuutunza Mwili wa Mwanadamu

Katika historia ya uinjilishaji wa nchi yetu yako majina ambayo waamini wa kanda ya Ziwa Tanganyika wanayajua kama wanavyoyajua majina ya babu zao, lakini huku kwetu Mbulu na Hanang hayatajwi mara nyingi. Mojawapo ni jina la Adrian Atiman, katekista na tabibu, aliyefariki dunia Karema mwaka 1956 baada ya kuwahudumia wagonjwa wa pwani ile kwa muda wa miaka 67. Hakuwa padre wala mtawa. Alikuwa mlei, mume wa mke mmoja na baba wa familia. Alizaliwa mbali sana na Tanganyika, akaja kwetu kwa njia ambayo hakuna mzazi angependa mwanawe aipite.

Tunamleta mbele ya wasomaji wetu kwa sababu mbili. Kwanza, Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kwa jina la Mapadre Weupe, ambao walimkomboa Atiman utumwani, ndio hao hao waliotangulia kuihubiri Injili katika nyanda za juu za Mbulu, kabla ya Wapallotini kuupokea utume huo, na kabla Mbulu haijawa jimbo kamili mwaka 1953. Atiman ni ndugu yetu katika familia moja ya kimisionari. Pili, maisha yake yanatufundisha namna Mkristo anavyopaswa kuutazama mwili wa mwanadamu: kuujua, kuuheshimu na kuutunza. Fundisho hilo linawahusu wauguzi wetu, walimu wa michezo, wakunga, makatekista na wazazi.

Mtoto wa kando ya mto Niger

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 katika kijiji kilichokuwa kando ya mto Niger, karibu na mji wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo inaitwa Mali. Akiwa bado mtoto mdogo alitekwa na Watuareg wafanyao biashara ya watumwa, akatenganishwa na wazazi wake na kupelekwa kaskazini kuvuka jangwa la Sahara. Hakuwaona tena watu wa nyumbani kwake.

Ni vema tukumbuke biashara hiyo ilivyokuwa. Mtumwa sokoni alipimwa kama tunavyompima ng'ombe mnadani. Mnunuzi alitazama meno, akabonyeza misuli ya mikono na mapaja, akaangalia macho na ngozi, kisha bei ikatajwa. Mwili ulikuwa ndio bidhaa yenyewe, na anayeukaa mwili huo hakuulizwa neno. Katika hali hiyo mtoto Atiman alifika pembezoni mwa jangwa, upande wa Algeria, na huko Mapadre Weupe walimkomboa kwa fedha pamoja na watoto wengine, wakamlea na kumsomesha. Alipokwisha kupata mafundisho ya dini alibatizwa, mwaka 1882, akapewa jina la Adrian.

Aliyekuwa nyuma ya kazi hiyo alikuwa Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, ambaye baadaye alifanywa Kardinali. Lavigerie alianzisha shirika la Mapadre Weupe mwaka 1868. Alipowatazama vijana wale waliokombolewa alijiuliza wafanywe nini. Wengi wa wakati wake wangeridhika kuwafanya watumishi wa jikoni au wafanyakazi wa mashamba ya misheni. Yeye aliona tofauti. Aliamini kwamba Afrika itaongolewa na Waafrika wenyewe, na kwamba mtu anayejua kutibu atafunguliwa mlango katika nyumba ambazo mhubiri mgeni asingeingia. Padre hana mke wala watoto, naye Mzungu anabaki mgeni hata akikaa miaka mingi. Lakini tabibu Mwafrika, mwenye mke na watoto, anayekula chakula cha wenyeji na kuzungumza lugha yao, huyo angeishi kati yao kama mmoja wao. Kwa ajili hiyo mwaka 1881 alifungua nyumba ya malezi katika kisiwa cha Malta, ili vijana wa Kiafrika wasomee udaktari wakiandaliwa kuwa makatekista.

Masomo ya Malta

Malta haikuchaguliwa kwa bahati tu. Kisiwa hicho kilikuwa na historia ndefu ya kutunza wagonjwa, kwa sababu kilitawaliwa kwa karne kadhaa na Mashujaa wa Mtakatifu Yohane, shirika la kidini lililoweka nadhiri ya kuwahudumia wagonjwa na maskini. Katika hospitali yao kubwa ya Valletta, Mkuu wa shirika hilo, Nicolò Cotoner, alianzisha mwaka 1676 shule ya anatomia na upasuaji, ambayo ni chimbuko la masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Malta. Katika chuo hicho ndipo vijana wa Lavigerie walipohudhuria masomo yao, na Atiman alikuwa mmoja wao.

Mwanafunzi wa udaktari wa wakati ule alianza na anatomia, yaani elimu ya viungo vya mwili na mahali vilipo. Alijifunza kuitaja mifupa 206 ya mtu mzima, misuli zaidi ya 600, na jinsi kano zinavyofunga msuli kwenye mfupa. Alijifunza njia ya ateri inayoshuka ndani ya mkono, ili ajue mahali pa kubana mtu anapovuja damu. Kisha alifuata fiziolojia, yaani elimu ya namna viungo hivyo vinavyofanya kazi pamoja: moyo unaopiga kama mara 70 kwa dakika na kuzungusha lita 5 hivi za damu, mapafu yanayopokea hewa, figo zinazochuja, kiwambo kinachoshuka kila tunapovuta pumzi.

Wako wanaodhani kwamba Kanisa liliiogopa elimu hiyo. Historia haikubaliani nao moja kwa moja. Mmoja wa wanaanatomia mashuhuri wa karne ya 17, Niels Stensen wa Denmark, aliyeonyesha kwamba moyo ni msuli kama misuli mingine, aliingia Kanisa Katoliki, akawa padre na hatimaye askofu, na Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri mwaka 1988. Aliyeutazama mwili kwa makini hakupungukiwa na imani kwa sababu hiyo. Kwa Atiman jambo hilo lilikuwa na uzito wa pekee. Mwili aliouona ukipigiwa bei sokoni, sasa alifundishwa kuusoma kama kazi ya Muumba, na viungo vya mtumwa na vya bwana wake vilikuwa vimepangwa kwa namna moja.

Tukumbuke pia tabibu wa mwaka 1888 hakuwa na nini. Picha za eksirei ziligunduliwa mwaka 1895. Kwamba mbu ndiye anayesafirisha vimelea vya malaria kulithibitishwa mwaka 1897. Makundi ya damu yalijulikana mwaka 1901, na penisilini iligunduliwa mwaka 1928. Tabibu aliyetoka chuoni wakati ule alitegemea macho, masikio na vidole vyake, pamoja na kumbukumbu ya mambo aliyofundishwa. Asipoujua mwili vizuri hakuwa na mashine ya kumsahihisha.

Safari ya kwenda Karema

Mwaka 1888 ulikuwa mwaka wa vita vya Kanisa dhidi ya utumwa. Papa Leo XIII aliandika barua yake ya kichungaji juu ya utumwa mwezi Mei, naye Kardinali Lavigerie alizunguka Paris, London na Brussels akieleza mateso ya watu wa Afrika ya kati. Mwaka huo huo Atiman, kijana wa miaka 22 hivi, alianza safari ya kuja Afrika Mashariki pamoja na kundi la wamisionari. Kutoka pwani ya Bahari ya Hindi walisafiri kwa miguu, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, wakipita njia zile zile ambazo misafara ya watumwa ilizitumia kuelekea baharini. Kijana aliyepelekwa kaskazini akiwa mateka katika Sahara sasa alitembea kwa hiari kuelekea magharibi, kwa watu waliokuwa bado wanawindwa.

Alifika Karema mwaka 1889. Karema ipo ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, upande wetu wa mashariki, katika mkoa ambao leo ni Katavi. Wabelgiji walikuwa wamejenga ngome hapo mwaka 1879, na mwaka 1885 waliwakabidhi Mapadre Weupe. Palikuwa mahali pa kukimbilia: misheni iliwapokea na kuwakomboa watumwa, wengi wao wakiwa watoto, na vijiji vya Wakristo vikaanza kuota kuizunguka. Utawala wa Wajerumani ulikuwa haujafika ziwani, na pwani ile haikuwa na hospitali wala mtu mwingine aliyesomea udaktari wa chuo kikuu.

Hapo Atiman alianza kazi, na hapo ndipo alipobaki hadi kufa.

Homa, bandama na ndui

Adui mkubwa alikuwa homa. Iliwaua wamisionari vijana mmoja baada ya mwingine, na watoto wa wenyeji kwa wingi zaidi. Mwaka 1880, katika nchi ile ile ya Algeria alikokombolewa Atiman, daktari wa jeshi la Ufaransa aitwaye Alphonse Laveran alikuwa ameviona kwa mara ya kwanza vimelea vya malaria ndani ya damu ya mgonjwa. Leo tunajua vinavyofanya kazi. Kimelea huingia ndani ya seli nyekundu ya damu, huzaana humo, kisha huipasua seli na kuvamia nyingine. Kila seli nyingi zinapopasuka kwa pamoja, mgonjwa hutetemeka kwa baridi na joto lake hupanda. Seli nyekundu yenye afya huishi siku 120 hivi, nazo ndizo zinazobeba oksijeni kutoka mapafuni kwenda mwilini kote. Zikiharibiwa haraka kuliko uboho wa mifupa unavyoweza kuzitengeneza, mtoto hupauka, hupumua kwa shida na moyo wake huenda mbio.

Seli zilizoharibika huchujwa na bandama, kiungo kilichojificha chini ya mbavu za kushoto. Kwa mtu mzima mwenye afya vidole haviwezi kuigusa. Kwa mtoto aliyeugua malaria mara kwa mara huvimba na kushuka tumboni, hata tabibu akiweka mkono hapo huikuta ngumu. Tabibu wa zama za Atiman aliitafuta bandama kwa vidole vyake, na kwa kiungo hicho kimoja alijua mambo mengi juu ya mtoto aliyelala mbele yake. Dawa ilikuwepo: kwinini, iliyotokana na gome la mti na iliyokuwa imetumika tangu kabla ya kuzaliwa kwake. Lakini kwinini hudai mkono wenye elimu. Ikizidi, masikio huvuma na macho hufifia. Ikipungua, homa hurudi.

Baada ya homa lilikuwepo ndui, lililokuwa likipita vijijini na kuacha makaburi na vipofu. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale nayo ilienea katika fukwe za Ziwa Tanganyika, ikiletwa na mbung'o wa vichaka vya kando ya maji. Walikuwepo pia wenye vidonda vilivyooza, walioumwa na wanyama, waliovunjika mifupa, na akina mama walioshindwa kujifungua. Atiman aliishi kuona serikali ya Wajerumani ikija na kuondoka, Vita Kuu ya kwanza ikipita ziwani, Waingereza wakitawala, na Vita ya pili. Wenye madaraka walibadilika, naye aliendelea kuwapokea wagonjwa.

Katekista na baba wa familia

Atiman alimwoa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende. Kwa ndoa hiyo yaliyokuwa mawazo ya Lavigerie yakawa kweli: mgeni kutoka Niger akawa mkwe na shemeji wa watu wa Karema. Mwana wao Yosefu aliitikia wito wa upadre. Wazazi wengi wa Kikristo wangetamani neema hiyo, lakini kwa Atiman ilikuwa na maana ya ziada. Yeye aliyenyang'anywa baba na mama na jina la ukoo wake, alimtoa mwanawe kwa Mungu kwa hiari yake.

Karema ya zama zake ilikuwa kisima cha miito. Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeliongoza Kanisa la huko hadi alipofariki mwaka 1917, alianzisha shirika la Masista wa Maria Malkia wa Afrika, ambalo mpaka leo linahudumia wagonjwa na shule katika nchi yetu. Katika mazingira hayo tabibu na katekista alikuwa mtu mmoja. Alifundisha sala na kufunga vidonda. Aliwabatiza waliokuwa katika hatari ya kufa, na kabla ya hapo alijitahidi wasife. Hakuona kwamba kazi moja ilikuwa ya roho na nyingine ya dunia tu. Mwinjili Luka, ambaye mapokeo yanamtaja kuwa tabibu, na Kristo mwenyewe ambaye aliwagusa wenye ukoma, walikuwa wamekwisha kumwonyesha njia.

Simulizi la maisha yake, alilolieleza mwenyewe, lilichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, akiwa mzee wa miaka 80 hivi. Kanisa na serikali walimtunuku nishani. Alifariki mwaka 1956, miaka mitano kabla ya uhuru wa Tanganyika, akazikwa katika nchi aliyoifanya kuwa yake.

Tunayojifunza sisi wa Mbulu na Hanang

Hatuandiki haya ili tumsifu marehemu na kumwacha kaburini. Tunayaandika kwa sababu tumeona katika vigango vyetu mambo ambayo Atiman asingeyakubali.

Tumeona mtoto mwenye homa kali akipelekwa kwenye mkesha wa maombi usiku kucha, na asubuhi ndipo anapofikishwa zahanati akiwa hana damu. Sala ni wajibu wetu, lakini vimelea havingoji mkesha uishe. Mzazi amfikishe mtoto kwa mganga siku ile ile anapopata homa, kisha tusali tukiwa njiani na kando ya kitanda. Jimbo letu lina Hospitali ya Dareda, na zipo zahanati na vituo vya afya vya serikali na vya madhehebu mengine. Kumpeleka mgonjwa huko si kupungukiwa na imani.

Tumeona pia watoto wachanga wakikatwa kimeo kwa sababu wanakohoa, au wakichokolewa ufizi kwa madai ya meno ya plastiki. Hapa ujinga wa anatomia unaua. Kimeo ni nyama ndogo iliyowekwa nyuma ya kaakaa ili kusaidia kumeza na kusema. Kikohozi cha mtoto kinatoka kwenye njia ya hewa au mapafu, wala si hapo. Ule uvimbe mweupe katika ufizi wa mtoto ni jino linalojiandaa kuota. Anayekata hapo kwa wembe au spoku ya baiskeli anaacha ugonjwa ulipokuwa, na kuongeza damu inayovuja na pepopunda.

Na lipo jambo zito zaidi, ambalo tunalisema kwa uchungu. Takwimu za kitaifa zimekuwa zikiutaja mkoa wetu wa Manyara miongoni mwa mikoa yenye kiwango cha juu kabisa cha ukeketaji. Sheria ya nchi imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 tangu mwaka 1998, lakini kisu hakijawekwa chini. Katika familia nyingine sasa hutumika kwa siri juu ya watoto wachanga, ili wasiweze kusimulia. Anayeujua mwili anajua kinachofanyika. Sehemu inayokatwa ina mishipa mingi ya damu na ya fahamu, na msichana anaweza kuvuja damu hadi kufa. Akipona, kovu linabaki. Kovu halinyumbuki kama ngozi ya asili, na siku ya kujifungua, wakati mwili wa mama unapopaswa kutanuka, kovu huchanika au humzuia mtoto. Tunazika mama, tunasema ni mapenzi ya Mungu, kumbe tulianza kuuandaa msiba huo miaka 20 kabla.

Atiman alijua maana ya watu wazima kuamua juu ya mwili wa mtoto bila kumwuliza. Waliomteka walikuwa na desturi yao, soko lao na sababu zao. Ukristo ulimfikia kwa namna ya watu waliosema kwamba mwili wa mtoto huyu hauna bei na si mali ya mtu. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, na kwamba tumenunuliwa kwa thamani kubwa. Aliyewahi kununuliwa kwa fedha aliyaelewa maneno hayo kuliko sisi. Hivyo baba na mama wa Kikristo wanaompeleka binti yao kwa ngariba hawawezi kuja kanisani na kusema ni jambo la mila tu lisilogusa imani. Linagusa Ubatizo wenyewe, kwa maana mwili uliopakwa krisma ndio huo unaokatwa.

Kwa wanaofundisha na kutunza miili

Tuseme neno kwa vijana wetu, kwa sababu nchi hii ya miinuko imejaliwa wanariadha. John Stephen Akhwari alitoka Mbulu, na dunia nzima ilimwona mwaka 1968 katika mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico, akimaliza wa mwisho huku akichechemea kwa goti lililoumia. Tunajivunia moyo wake. Lakini mwalimu wa michezo anayewafundisha wanafunzi leo asichukue kwake fundisho la kuyadharau maumivu. Maumivu ni mjumbe wa mwili. Goti limeshikwa na kano nne kuu, na kati ya mifupa yake ipo gegedu ambayo ikiharibika hupona kwa shida. Mtoto ambaye bado anakua ana sehemu laini karibu na ncha za mifupa yake ambapo urefu unatengenezwa; akilazimishwa kukimbia na jeraha, madhara yanaweza kudumu.

Wako wanaosema watu wetu wana mbio kwa damu tu. Lipo la kweli ndani yake, ingawa si kwa namna wanayodhani. Mahali palipoinuka hewa ni nyepesi, na figo hutambua upungufu wa oksijeni, zikatoa kichocheo kinachouamuru uboho utengeneze seli nyekundu zaidi. Lakini msichana mwenye upungufu wa madini ya chuma, au mvulana mwenye minyoo, hatafaidika na miinuko hiyo, maana uboho unakosa cha kutengenezea. Mwalimu anayejua hilo ataanza na sahani ya maharage, mboga za majani na nyama kabla ya kuanza na saa ya kupimia mwendo. Vivyo hivyo, wazazi wa maeneo ya Hanang ambako maji yana floridi nyingi wajue kwamba madini hayo yakizidi huyabadilisha meno kuwa ya kahawia na huweza kuiharibu mifupa ya mtoto anayekua. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi, na kupunguza magadi katika chakula, vinasaidia.

Elimu ya namna hii si ya madaktari peke yao. Lavigerie hakungoja apate maprofesa; aliwachukua watoto waliokombolewa na kuwafanya watu wa kuaminika kitandani kwa mgonjwa. Tunaona lingekuwa jambo la heri kama kila parokia ingewahimiza vijana wake wawili au watatu wasomee uuguzi, utabibu au mazoezi ya viungo, na kama katika mafunzo ya makatekista wetu lingekuwepo somo la huduma ya kwanza. Maporomoko ya tope yaliyoshuka kutoka Mlima Hanang mwezi Desemba mwaka 2023, na kuwachukua ndugu zetu wa Katesh na vijiji vya jirani, yalitukumbusha kwamba katika saa ya kwanza ya maafa anayekuwepo ni jirani. Jirani huyo akijua kubana mshipa unaovuja, kuufunga mfupa uliovunjika kwa vipande vya mti, na kumlaza kwa ubavu mtu aliyezimia ili ulimi usizibe njia ya hewa, anaweza kuokoa maisha.

Hatumtangulii Mama Kanisa katika kumwita Atiman mtakatifu. Tunamtaja kama ndugu mkubwa katika imani, aliyepokea mengi na kurudisha mengi. Wasomaji wetu wakipata nafasi ya kusafiri hadi kanda ya Ziwa Tanganyika, wafike Karema na wasali hapo. Wasioweza kwenda mbali, na wasali nyumbani kwa ajili ya wauguzi, wakunga, waganga na makatekista wa jimbo letu. Kisha, kabla wiki hii haijaisha, kila mmoja amtembelee mgonjwa mmoja wa jumuiya yake ndogondogo, na kama mgonjwa huyo hajaonwa na mtaalamu wa afya, amsaidie kufika.

Mwenyezi Mungu, aliyeuumba mwili wa mwanadamu na ambaye Mwanae aliutwaa mwili huo akazaliwa na Bikira Maria, awajalie watu wote wa Mbulu na Hanang kuujua, kuuheshimu na kuutunza. Na ampe pumziko la milele mtumishi wake Adrian, pamoja na Agnes na waamini wote waliolala katika matumaini ya ufufuko.